Kazi Nusu Isiandikwe Kazi Kamili

Wazee wetu walituachia usemi kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Usemi huo ni wa kweli, na kwa miaka mingi umetumika kuwahimiza wafanyabiashara, vyama vya ushirika na mashirika ya umma waweke vitabu vya hesabu. Leo vitabu vipo. Viwanda vyetu, vikubwa na vidogo, vya umma na vya watu binafsi, vina wahasibu waliosoma, vina kompyuta, na kila mwaka wa hesabu unapofungwa hutoa taarifa zilizopangwa vizuri kwa safu na mistari. Lakini iko hatari ambayo usemi ule haukuitaja, nayo ni mali kuisha huku daftari lipo na linasomeka, kwa sababu kilichoandikwa ndani yake si kweli.

Uongo tunaotaka kuuzungumzia leo hauhitaji kuvunja kufuli la ghala wala kughushi saini. Hauondoi hata senti moja sandukuni. Hufanywa mezani, siku ya kufunga hesabu za mwezi, kwa kubadilisha tarakimu moja tu ya makisio. Kwa kuwa hauonekani, wengi hawauiti wizi. Na kwa kuwa ni wa kitaalamu, wengi huona haya kuuliza. Sisi tunaona kuwa mwananchi wa kawaida anaweza kuufahamu, na kwamba ofisa aliyepewa dhamana ya kusimamia mali ya umma hana udhuru wa kutoufahamu.

Tuanze na kazi yenyewe. Seremala anayetengeneza kitanda kwa ajili ya mteja mmoja anaweza kusema kitanda kile kimemgharimu kiasi gani: mbao kadhaa, misumari kadhaa, siku kadhaa za kazi. Kiwanda cha sabuni, cha sukari au cha saruji hakiwezi. Huko bidhaa hutiririka kama maji ya mfereji, zikipita hatua moja baada ya nyengine, na hakuna mche mmoja wa sabuni unaoweza kutengwa ukaulizwa umekula fedha ngapi. Kwa hiyo mhasibu hukusanya gharama zote za mwezi, akazigawa kwa kazi yote iliyofanyika katika mwezi huo.

Taabu iko siku ya mwisho ya mwezi, kwani mitambo haisubiri hesabu. Siku hiyo ziko sabuni zilizokwisha kufungwa katika masanduku, na ziko nyengine ambazo zimechemshwa tu, au zimemiminwa na zinangoja kukauka, kukatwa na kupigwa chapa. Hizi za katikati nazo zimekula fedha, ingawa si sawa na zile zilizokwisha. Ni lazima mtu akadirie zimefika wapi: robo, nusu, au robo tatu. Masanduku 2 yaliyofikia nusu huhesabiwa sawa na sanduku 1 lililokwisha. Kanuni hiyo ni ya haki na hutumika duniani kote. Lakini hapo ndipo penye mlango ambao mtu asiye mwaminifu anaweza kuupitia.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi. Kiwanda kimetumia Sh. 270,000,000 katika mwezi. Kimemaliza masanduku 8,000 ya sabuni, na masanduku mengine 2,000 bado yamo njiani. Tuseme kuwa gharama zote huingia kidogo kidogo tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi, na kwamba hapakuwa na kazi iliyobaki kutoka mwezi uliotangulia. Msimamizi mkweli anapita kiwandani, anaangalia kwa macho yake, anaona kazi imefika nusu. Basi yale 2,000 ni sawa na masanduku 1,000 kamili, na kazi yote ya mwezi ni sawa na masanduku 9,000. Kila sanduku limegharimu Sh. 30,000. Yale 8,000 yaliyokwisha yamegharimu Sh. 240,000,000, na Sh. 30,000,000 zilizobaki zimo ndani ya kazi isiyokwisha. Masanduku yote 8,000 yakiuzwa kwa Sh. 31,000 kila moja, mapato ni Sh. 248,000,000 na faida ni Sh. 8,000,000.

Sasa tuseme kiwanda hicho kimewekewa lengo la faida ya Sh. 20,000,000, na bonasi ya meneja na wasaidizi wake imefungwa kwenye lengo hilo. Meneja anamwita mhasibu ofisini, anafunga mlango, na kumwambia kuwa kazi ile haikufika nusu tu, bali aandike asilimia 80. Hakuna sabuni iliyoongezeka. Hakuna mteja mpya. Lakini katika daftari yale masanduku 2,000 sasa ni sawa na 1,600 kamili, kazi yote ya mwezi ni sawa na masanduku 9,600, na sanduku moja linaonekana limegharimu Sh. 28,125. Yaliyokwisha yanaandikwa Sh. 225,000,000 badala ya Sh. 240,000,000. Faida iliyokuwa Sh. 8,000,000 imekuwa Sh. 23,000,000. Lengo limepitwa, bonasi italipwa, na yamkini picha ya meneja itatoka gazetini.

Tuulize: hizo Sh. 15,000,000 zimetoka wapi? Hazikutoka popote. Zimehamishwa tu kutoka katika gharama za sabuni zilizouzwa, zikafichwa ndani ya sabuni mbichi. Na huko hazikai milele. Mwezi unaofuata sabuni hizo zikimalizwa zitakuja na deni lao, kwa kuwa zimeandikwa kuwa na thamani ya Sh. 45,000,000 ilhali kwa haki ni Sh. 30,000,000. Gharama hiyo italazimika kujitokeza, na faida ya mwezi huo itapungua kwa kiasi kile kile. Hapo meneja ana njia mbili: kukiri, au kusema uongo mkubwa zaidi. Aghalabu huchagua ya pili. Asilimia 80 huwa 90, na masanduku 2,000 yaliyo njiani huanza kuandikwa 3,000. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Lakini katika hesabu za kiwanda inaweza kuchukua miaka kufika mwisho wake, na hapo imekwisha kubeba watu wengi.

Wapo watakaosema kwamba, maadam fedha haikutoka nje, hapana aliyedhurika. Hoja hii ni dhaifu. Kwanza, bonasi iliyolipwa ni fedha taslimu, lakini faida iliyoizaa bonasi hiyo si fedha, ni wino. Vivyo hivyo kodi na gawio linalopelekwa Hazina kwa faida ya wino hulipwa kwa fedha zilizokuwa za kununulia nazi, mafuta ya mashine na vipuri. Pili, gharama ya uongo huzaa bei ya uongo. Meneja wa biashara akiamini kuwa sanduku limegharimu Sh. 28,125, atafurahi kusaini mkataba na hoteli kwa Sh. 29,000, akidhani anapata faida, kumbe kila sanduku linalotoka mlangoni linakipotezea kiwanda Sh. 1,000. Kadiri anavyouza kwa bidii ndivyo anavyozidi kuzamisha chombo. Tatu, Serikali ikiletewa taarifa kwamba kiwanda kinastawi, haitapeleka msaada wala mtaalamu, na siku ukweli utakapojulikana huenda pasiwe na kitu cha kuokoa.

Kwetu sisi wa visiwani jambo hili lina uzito wake wa peke yake. Kiwanda kikifungwa katika nchi kubwa, mfanyakazi anaweza kupanda basi kwenda mji wa jirani akatafute kibarua kwengine. Hapa viwanda ni vichache, na nyuma ya kila kimoja wapo wakwezi, wakulima wa miwa, kina mama wa mwani, wapakizi na wenye magari ambao riziki yao imeshikamana nacho. Mchuma janga hula na wa kwao. Meneja aliyepika hesabu atahamishiwa ofisi nyengine, lakini mkulima hahamishi shamba lake.

Asilimia ya kazi isiyokwisha si mlango pekee. Uko na mlango wa upotevu. Kila kazi ya viwanda ina upotevu wake wa kawaida: maji hugeuka mvuke, vumbi hupepea, mabaki hunata katika vyombo. Hakuna anayelifahamu jambo hili kuliko mtu wa Pemba aliyeanika karafuu, maana anajua kuwa karafuu mbichi ikikauka hubaki kiasi cha thuluthi ya uzito wake. Kilo 3,000 mbichi zikitoa kilo 1,000 kavu, hapana la kuuliza. Lakini mwenye kusimamia akiandika kanuni kwamba kwake yeye kilo 3,000 hutoa 900 tu, basi amejitengenezea kilo 100 zisizo na mwenyewe. Zikitoka usiku kwa mlango wa nyuma, kesho daftari litasema zimekaushwa na jua. Ndiyo maana kanuni ya kimataifa nambari 2 ya hesabu, inayohusu bidhaa zilizomo ghalani, inataka upotevu usio wa kawaida usitiwe ndani ya thamani ya bidhaa, bali uandikwe wazi kuwa ni hasara ya kipindi kile ulipotokea. Hasara ikionekana, itaulizwa. Ikifichwa ndani ya bei ya bidhaa, mnunuzi ndiye atakayeilipa bila ya kujua.

Vile vile tusisahau kuwa makisio hupindwa kwa pande zote mbili. Mkuu wa kiwanda anapotaka bonasi, hushusha gharama. Mkuu huyo huyo anapokwenda Serikalini kuomba apandishiwe bei, au alindwe kwa ushuru dhidi ya bidhaa za kutoka nje, huzipandisha. Ofisa anayepokea maombi ya namna hiyo hana budi kuuliza swali moja jepesi: je, gharama hizi tunazoonyeshwa leo ndizo zile zile mlizoionyesha Bodi yenu mwezi uliopita?

Isidhaniwe kuwa haya ni maradhi ya nchi changa au ya watu wasiosoma. Japani, nchi inayosifiwa kwa nidhamu ya kazi, iliona aibu hii mwaka 2015 katika kampuni ya Toshiba, ambayo mizizi yake inarudi hadi mwaka 1875. Kamati huru ya uchunguzi ilitoa ripoti mwezi wa Julai mwaka huo ikieleza kuwa kwa muda wa miaka kadhaa, kuanzia mwaka wa fedha wa 2008, faida ya kampuni iliongezwa kwa uongo kwa jumla ya yeni bilioni 151.8. Sehemu ya uongo huo ilifanywa katika miradi mikubwa, kwa kukisia gharama za kuimaliza chini ya kiwango chake cha kweli. Sehemu nyengine, kiasi cha yeni bilioni 36, ilihusu thamani ya bidhaa za ghalani katika viwanda vya vipande vidogo vya elektroniki, ambavyo hutengenezwa kwa hatua kama ilivyo sabuni yetu. Gharama ya kukisia ya hatua za mwanzo ilipandishwa, ile ya hatua za mwisho ikaachwa ilivyo, na matokeo yake ni kwamba fungu kubwa la gharama lilibaki ndani ya bidhaa zilizomo kiwandani, na fungu dogo tu likahesabiwa katika bidhaa zilizouzwa. Huo ndio ujanja wa sabuni mbichi, ila umevaa nguo za kitaalamu.

La kuzingatia zaidi ni sababu yake. Wakuu wa kampuni hiyo walikuwa wakizipa idara zao malengo ya faida waliyoyaita changamoto. Septemba 2012, zikiwa zimebaki siku 3 hesabu zifungwe, idara ya kompyuta ilitakiwa iongeze faida kwa yeni bilioni 12. Hakuna kiwanda kinachoweza kuzalisha faida ya namna hiyo kwa siku 3; kinachoweza kuizalisha ni kalamu tu. Kamati ilieleza kuwa ndani ya kampuni ile ilikuwa ni mazoea mdogo asipinge matakwa ya mkubwa wake. Mkuu wa kampuni alijiuzulu Julai 2015, kampuni ikatozwa faini ya yeni bilioni 7.37, na wakaguzi wake wa nje nao wakatozwa faini kwa kupitisha hesabu zile. Shida za kampuni hiyo hazikuishia hapo, na Desemba 2023 hisa zake ziliondolewa katika soko la hisa la Tokyo.

Tunapoyasoma hayo hatumnyooshei kidole mtu wala kiwanda chochote cha hapa kwetu. Lakini desturi ya mdogo kutompinga mkubwa tunaijua vizuri. Sisi ni watu wa heshima, na heshima ni pambo letu. Hata hivyo, kumwitikia mkubwa katika jambo la uongo si heshima, ni kumsaidia kuanguka. Mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, amefungwa na maadili ya kazi yake: awe mkweli, asipendelee, awe na ujuzi wa anachokifanya, atunze siri na awe na mwenendo mwema. Wengine hushika hilo la siri na kuyaacha yaliyobaki. Siri ya kazi imewekwa kulinda biashara halali. Haikuwekwa iwe pazia la kufichia udanganyifu.

Ni kweli kwamba makisio ni makisio. Watu wawili waaminifu wanaweza kusimama mbele ya sabuni ile ile, mmoja akasema imefika asilimia 50 na mwengine akasema 55, na wote wawili wasiwe na hatia. Tofauti ya mkweli na mwongo haiko katika tarakimu peke yake. Mkweli huweka kipimo chake kabla ya kujua faida itakuwa ngapi, na mwezi ujao hutumia kipimo kile kile hata kikimuumiza. Mwongo huanza na faida anayoitaka, kisha akarudi nyuma kutafuta kipimo kitakachomfikisha huko. Tofauti hii ya mpangilio ndiyo ambayo wasimamizi wetu wanapaswa kuitafuta.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wizara zinazohusika, kwa Bodi za Wakurugenzi na kwa wote waliokabidhiwa viwanda.

Kwanza, kipimo cha kila hatua kiwekwe kwa maandishi mapema na kitokane na vipimo vya mafundi: sabuni iliyomiminwa ihesabiwe kuwa imefika wapi, iliyokauka wapi, iliyokatwa wapi. Malighafi na kazi vitenganishwe, kwani mara nyingi malighafi yote huingia mwanzoni. Kipimo kisibadilishwe bila ya Bodi kuelezwa sababu na kuridhika.

Pili, kazi isiyokwisha isikadiriwe na mtu ambaye bonasi yake inaitegemea. Siku ya mwisho wa mwezi, fundi, mtunza ghala na mhasibu wapite pamoja, wahesabu pamoja, watie saini pamoja. Na mwisho wa mwaka awepo na mtu wa kutoka nje ya kiwanda.

Tatu, Bodi ionyeshwe kila mwezi kazi isiyokwisha ni kiasi gani, ikilinganishwa na miezi iliyopita. Ikiwa kazi hiyo inazidi kukua ilhali mitambo ni ile ile na wafanyakazi ni wale wale, hiyo ni dalili ya maradhi, na dawa yake itafutwe siku hiyo hiyo.

Nne, bonasi zisifungwe kwenye faida ya kipindi kimoja kifupi. Ziangalie pia fedha zilizokusanywa hasa, ubora wa bidhaa na matokeo ya zaidi ya mwaka mmoja, ili faida ya wino ipate muda wa kufifia kabla ya kulipiwa.

Tano, mhasibu anayekataa kuandika uongo awe na mahali pa kupeleka neno lake, na alindwe. Awe na njia ya kufika kwa kamati ya ukaguzi ya Bodi bila kupita kwa yule anayemlalamikia. Haifai mtu apelekwe likizo au ahamishwe kwa kosa la kusema kuwa nusu ni nusu.

Mwisho tunawageukia viongozi wanaoweka malengo. Kuweka lengo kubwa si dhambi, na bila malengo kazi hulala. Lakini lengo lisilotazama umeme uliopo, malighafi iliyopo na umri wa mitambo humfundisha mtu wa chini kusema uongo. Kiongozi anayeletewa taarifa ya hasara akaipokea kwa hasira, mwaka ujao ataletewa taarifa ya faida. Asifurahi upesi, bali aulize ni sabuni ngapi zimeuzwa na fedha ziko wapi. Nao Wawakilishi wetu, wanapojadili ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wasiishie kwenye mstari wa faida. Washuke mistari michache, watazame thamani ya kazi isiyokwisha, na wadai kuelezwa ilipatikanaje.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mkulima anayeuza nazi au miwa kiwandani, na mfanyakazi anayesimama kwenye mtambo, ndio wanaojua kwa macho yao kazi imefika wapi. Wakisikia kwenye redio kwamba kiwanda chao kimevunja rekodi katika mwezi ambao wao walikaa wiki 2 bila kazi, wana haki ya kuuliza, na aliyeko ofisini ana wajibu wa kuwajibu kwa lugha wanayoifahamu.